VIUMBE VYA MUNGU: Ndakala Asiye na Pa Kujificha

Juma hili natutazame kiumbe ajulikanaye katika jiko la Kindu, lakini ni wachache wamtazamao kabla ya kumtia chunguni: ndakala, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita dagaa. Nyumba yake ni Ziwa Tanganyika. Nalo si geni kwetu, maana maji yake hutoka kwa mto Lukuga karibu na Kalemie, yakaingia Lualaba, yakapita hapa mbele yetu.

Samaki wengi wa ziwa lile hukaa kati ya mawe ya pwani, na adui akija huingia pangoni. Ndakala huishi katikati ya maji matupu, pasipo jiwe wala jani la kujifichia. Chini yake kuna vilindi vifikavyo mita 1,470, wala hawezi kuvikimbilia: hewa imo katika maji ya juu tu, kadiri ya mita 100 upande wa kaskazini na 200 hivi upande wa kusini. (Wanafunzi, kumbukeni kwamba samaki huyu huvuta hewa iliyoyeyuka majini, si hii yetu.) Chini ya hapo ni mauti.

Basi Muumba amempa mgongo wa giza na mbavu za fedha. Amwangaliaye toka juu huona weusi wa kilindi. Amwangaliaye toka ubavuni huona nuru ya maji ikirudishwa kama katika kioo. Tena hatembei peke yake, bali kwa makundi ya maelfu, hata mgebuka amwindaye asijue amshike yupi. Mchana kundi hushuka penye giza. Jioni hupanda, likifuata vidudu vya jamaa ya kamba vilivyo chakula chake.

Lakini linishangazalo zaidi ni yai. Jike hutaga katika maji yale yale matupu, na yai huzama polepole. Kitoto hakina budi kuanguliwa kabla yai halijafika pasipo hewa.

Wavuvi waijua sana desturi ya kupanda usiku. Mwezi usipokuwapo huwasha taa juu ya maji, ndakala wakakusanyika, wavu ukawazoa. Hapo ndipo penye shida. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba ziwa linazidi kupata joto, na upepo wa kiangazi hauyakorogi maji kama zamani. Hivyo mbolea ya vilindini haipandi vema kuvilisha vile vidudu. Chakula cha ndakala kinapungua, na nyavu zinaongezeka.

Mwaka 2024 Tanzania iliufunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wavuvi walioona miezi 3 kuwa mirefu walikuwa na sababu, kwa maana watoto wao hula kila siku. Lakini ndakala huishi yapata mwaka mmoja tu, na katika mwaka huo sharti akue na kutaga. Kwake yeye miezi 3 ni robo ya maisha.