Umaskini wa mtoto haupimwi kwa mshahara wa baba

Msomaji, ukiulizwa kama mwanao ni maskini, huenda ukajibu kwa kutaja mshahara wako. Sisi madaktari hutazama kwingine.

Majuzi mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 20 aliyekuwa akihara kwa mara ya tatu katika muda wa miezi miwili. Baba ameajiriwa na kodi ya nyumba hulipwa kwa wakati. Lakini utepe niliomzungushia mtoto mkononi ulionyesha sentimita 12, ilhali chini ya 12.5 ni dalili ya utapiamlo. Maji ya nyumba hiyo hununuliwa kwa mitungi na hayachemshwi. Choo hutumiwa na familia nane. Yaya humpa mtoto uji mtupu kutwa. Je, huyu si maskini?

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Baadhi yao hutoka katika nyumba zenye pesa.

Ndiyo maana nasema serikali za kaunti zisitenge fedha kwa kuangalia mapato peke yake. Zihesabu pia mifereji, vyoo na urefu wa watoto.

Nawe usiache kliniki baada ya chanjo. Mpeleke mwanao akapimwe uzani na urefu hadi atimize miaka mitano. Pesa zilizoingia mfukoni mwako huenda hazijafika tumboni mwake.