Mdogo Wako Hajui Kusoma na Wewe Uko Hapo kwa Simu

Wasee, leo sikuji na vichekesho.

Mwaka jana kitinda mimba wetu alikuwa gredi ya pili. Kila jioni anafungua kitabu chake cha hadithi za Kiingereza, anaweka kidole chini ya maneno, anasoma bila kukwama. Mama anamsikiza akiwa jikoni anasonga ugali, anafurahi, anaona karo imefanya kazi. Siku moja mimi ndiye nilikuwa nampindulia, na kwa bahati mbaya nikapindua kurasa mbili pamoja. Jamaa hakusimama. Aliendelea kusoma ule ukurasa tulioruka, neno kwa neno, na kidole kinatembea vizuri tu.

Alikuwa amekariri kitabu kizima.

Nikachukua karatasi nikaandika "kuku". Akasema, "Kei, yuu, kei, yuu." Nikamwambia poa, sasa hiyo ni nini? Akaniangalia mimi usoni badala ya karatasi, vile watoto hufanya wakitafuta jibu kwako. "Paka?"

Hasira yangu ilianza hapo na bado haijaisha.

Jaribu mwenyewe sasa hivi. Sema kei-yuu-kei-yuu haraka mara kumi. Kuku ametokea? Hatokei, na hawezi kutokea, juu yale ni majina ya herufi kwa Kiingereza, si sauti zake. Tunampa mtoto majina, tunamwimbisha wimbo wa herufi tangu PP1, tunamrekodi kwa simu ya mjomba, halafu akifika gredi ya pili tunashangaa kwa nini hawezi kuunganisha. Ni kama kumfundisha mtu majina ya vyuma vya baiskeli halafu unamwambia haya, endesha mpaka Thika.

Na unajua shule ilisema nini? Ripoti iliandikwa kwamba mtoto ni mzito. Mzito! Mama aliirudisha hiyo ripoti kwa mkoba, akaiweka chini ya televisheni, hakuongea mpaka asubuhi. Mimi simlaumu mwalimu sana. Ana darasa limejaa mpaka dirishani, hawezi kukaa na mtoto mmoja dakika ishirini. Lakini sisi nyumbani tulikuwa wanne, wote tunajua kusoma, na hakuna aliyewahi kugundua. Mimi nilikuwa chumba kimoja naye, nikiedit vidio.

Usidhani ni kwetu tu. Tangu 2009 watu wa Uwezo, na baadaye Usawa Agenda, wamekuwa wakienda nyumba kwa nyumba Kenya hii kupima kama watoto wanaweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti zikitoka ni hadithi ile ile: watoto wengi wa darasa la tatu, hata la nne, hawawezi. Hao watoto wako shule na sare wanazo. Wameketi kwa dawati, na mmoja wao huenda ndiye huyo amelala kwa kochi yenu akitazama katuni na simu yako.

Sasa, ukitaja kufundisha mtoto nyumbani, watu wanadhani unaongea kuhusu wale wa Karen na Runda. Mama amevaa kitani, chumba kina rafu ya mbao, vitabu vimetoka Marekani kwa meli, mtoto anasoma akiwa amekalia zulia jeupe. (Zulia jeupe na mtoto wa miaka sita. Nani hufua?) Halafu mjadala unaanza: ni halali, si halali. Ni kweli Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na kuna wazazi wameshtakiwa kwa kuwasomesha wao nyumbani. Wacha wanasheria wavutane na hiyo. Hakuna sheria Kenya hii inayokukataza kumfundisha mdogo wako kusoma saa moja jioni ugali ukiiva. Machi 2020 shule zilifungwa na madarasa mengi yakakaa nyumbani mpaka Januari 2021. Karibu mwaka mzima. Masomo yalikuwa kwa redio ya KBC na kwa televisheni, na watoto wa ploti yetu wakamaliza huo muda wakicheza bano. Sisi wakubwa tulifanya nini? Changamoto za TikTok. Mimi pia, ushahidi bado uko kwa akaunti yangu.

Lakini shida yangu kubwa si kwamba hatufundishi. Ni kwamba hata tukijaribu tunaanza na Kiingereza, lugha ambayo mtoto bado hajaimudu na ambayo maandishi yake yenyewe hayajapatana. Kiswahili kina irabu tano, kila moja na sauti yake, leo na kesho. "A" ni a kwa baba, ni a kwa daktari, ni a kwa Machakos. Mtoto wa Umoja, wa Kayole, wa Githurai, Kiswahili ndicho anachochezea nje. Sera ya serikali yenyewe inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake mpaka gredi ya tatu. Kwa mtaa wetu hiyo ni lugha gani, Kifaransa?

Nilinunua chaki nikaanza kwa mlango. Mlango wetu ni wa chuma, umepakwa rangi nyeusi kwa ndani, kwa hivyo ubao tulikuwa nao siku zote. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kubomoa. Nikiandika "i" anasema ai. Nikiandika "e" anasema i. Siku nne nzima tulipigana na hizo herufi mbili, na siku ya tatu alilia, na mimi nikaenda kusimama kwa ngazi nipumue. Sitakudanganya ati ni rahisi kama vidio za sekunde thelathini. Hasira zako ndizo zitakuangusha, si ujinga wa mtoto.

Irabu zilipokaa tukaongeza "k". Ka, ke, ki, ko, ku. Halafu "l". Herufi mbili tu juu ya irabu, na tayari ana kuku, kaka, lala, kula, kila. Jioni moja nikaandika sentensi kwa mlango, sikumsomea, nikanyamaza. Akaanza pole pole na kidole. Ku-ku. A-li-ku-la. Ke-ki.

Akanyamaza kidogo. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Kuku alikula keki? Ya nani?"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Huwezi kucheka sentensi ambayo hujaisoma. Ile hadithi ya Kiingereza alikuwa ameikariri miezi na hakuna siku aliwahi kuicheka, na ina tumbili ndani. Mimi sihitaji mtihani mwingine.

Baada ya hapo mtaa ukawa kitabu. HATARI kwa transfoma. "Lipa" kwa kibanda cha mama mboga. "Mbwa Kali" kwa geti, ambapo alisimama akasoma kwa sauti na mbwa akajibu (mwalimu wa Kiswahili atasema ni mbwa mkali, najua, mwambie mwenye geti). "Usikojoe hapa" aliisoma tukiwa ndani ya matatu, dirisha wazi, silabi kwa silabi, kwa sauti ya mtangazaji. Ng'ombe na ngoma zilimsumbua, bado zinamsumbua. Hiyo alama juu ya ng' anaiita nzi.

Najua mtaniambia Kiingereza ndicho cha mtihani na kazi, kwamba namrudisha nyuma. Sikatai Kiingereza. Nasema mtoto anajifunza mara moja tu kwamba alama kwa karatasi ni sauti ya mdomo. Akishaelewa hilo kwa lugha anayoijua, anaenda nalo kwa nyingine. Kaka yangu alipokirudia kile kitabu alisoma kwa shida kuliko alipokuwa anakikariri. Alikwama kila mstari, maneno mengine aliyatamka kama ya Kiswahili mpaka nikacheka. Lakini sasa alikuwa anaangalia karatasi, si uso wangu. Kiingereza kinachukua muda, bado tunapambana nacho.

Na mkinunua kishikwambi cha elfu kumi mkidhani programu itamfundisha, sawa, lakini keti naye. Programu haijui kama mtoto anasoma au anakisia kwa picha. Wewe utajua ukifunika picha na kiganja. Na kama umejaribu miezi na herufi bado zinampindukia, mpeleke apimwe macho na masikio, uulize kuhusu disleksia, kabla mtu hajamwandikia neno lolote kwa ripoti.

Ile ripoti ya kwetu bado iko chini ya televisheni. Juzi aliitoa mwenyewe, akaanza kuisoma. Nilimnyang'anya kabla hajafika pale.

Kwa hivyo leo jioni weka simu chaji, tafuta chaki, andika irabu tano mahali mama hatalalamika. Akifika sentensi ya kwanza ya kumchekesha, niambie ilikuwa gani. Za kuku zimeniishia.