Tairi Lichaguliwe kwa Barabara, Si kwa Pambo

Umeenea miongoni mwa wenye magari visiwani mwetu mtindo wa kuvua matairi yaliyokuja na gari na kuvisha mapana yenye ubavu mfupi. Hatuna ugomvi na matairi hayo. Kwenye lami safi huitikia usukani upesi na hushika vyema katika kona. Lakini wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tuchukue mfano. Tairi la 195/65 R15 lina upana wa milimita 195, na ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 127 hivi. Mahali pake pakiwekwa 225/40 R18, kimo cha gurudumu zima hakibadiliki sana, lakini ubavu hubaki milimita 90. Mto wa upepo umepungua kwa zaidi ya robo. Gurudumu likitumbukia shimoni, ubavu hubanwa baina ya ukingo wa shimo na rimu, nyuzi za ndani hukatika, tairi huvimba, na siku moja hupasuka. Msiba huo haumchagui mwenye pambo. Humkumba abiria na mpita njia.

Basi mnunuzi na asome kwanza kibandiko kilichomo mlangoni mwa dereva, kinachotaja ukubwa na upepo unaofaa. Kisha atazame alama ya uzito. Katika 91V, namba 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, na V ni mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Mwendo huo hauna barabara Unguja wala Pemba. Uzito ndio wa kuzingatiwa, usipungue ule uliowekwa na mtengenezaji. Mwisho atafute tarakimu nne za umri: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Kwa upande wa Serikali, wakaguzi wasiridhike na kashata peke yake, kwani tairi kuukuu laweza kuwa na kashata nzima na mpira uliokwisha kuchakaa. Na wahusika wa barabara wazibe mashimo mapema. Kumlaumu dereva kwa tairi lake na kuliacha shimo wazi ni nusu ya haki, na wananchi wanastahili haki kamili.