Kabla ya kugawa tena, wajaribu kwanza kwenye karatasi

Mwaka 2015 Katanga yetu iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Nchi nzima ikatoka majimbo 11 ikafika 26. Katiba ya 2006 ndiyo iliyoagiza hivyo, na mkaaji wa Kalemie ana sababu ya kufurahia gavana aliye karibu. Ila sisi hapa Golf, Lubumbashi, bado tunauliza: mpango ule ulijaribiwa wapi kabla ya kuwafikia watu?

Njia ya kujaribu ipo, nayo huitwa uigaji wa jamii. Mwaka 1971 Mmarekani Thomas Schelling alionyesha jambo la ajabu kwa vipande vya aina mbili juu ya ubao wa mirabaraba. Kila kipande kilitaka tu majirani kadhaa wa aina yake, kisipowapata kinahama. Mwishowe ubao wote ukagawanyika, ingawa hakuna kilichotaka utengano mkubwa hivyo. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo kwa jamaa, walimu, wachuuzi na watoza kodi maelfu: unaingiza sheria mpya, unaangalia inakwama wapi.

Tuchukue Katanga. Katiba inaachia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Je, fedha hizo zikichelewa au zikipungua? Lualaba na Haut-Katanga wana shaba na kobalti. Haut-Lomami ni wakulima na wavuvi wa maziwa ya Upemba. Hata hivyo kila jimbo lina gavana wake, bunge lake, na mawaziri wanaoweza kufika 10. Nani atalipwa kwanza, mheshimiwa au mwalimu? Swali hilo lingeonekana mapema.

Lakini kompyuta hula inacholishwa. Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984. Aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na wajukuu. Makanisa tunazijua jamaa, avenyu kwa avenyu, hata watoto wasio na cheti cha kuzaliwa. Tunaweza kusaidia kuhesabu, ila orodha ya waamini haitoki kanisani bila wao kukubali.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuandaa katiba mpya. Ikiwa mipaka na fedha za majimbo zitaguswa tena, tunaomba jaribio lifanyike kwanza, na matokeo yasomwe hadharani, kwa Kiswahili pia, kabla wananchi hawajaitwa kupiga kura.