Vyuo vya ualimu vipatiwe vitabu vya Kiswahili



Natoa maoni yangu juu ya vitabu vya kufundishia ualimu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ufipa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa darasa la kwanza. Watoto wengi nyumbani husema Kifipa, na baadhi yao walikaa kimya wiki nyingi. Chuoni nilifaulu vizuri saikolojia ya mtoto. Lakini vitabu vya maktaba vilikuwa vya Kiingereza, mifano yake ni ya watoto wa Ulaya, na kitabu kimoja tulikigombania watu kumi. Tulikariri maandishi ya ubaoni tu.

Aliyeniokoa ni mwalimu mzee wa UPE. Alinionyesha kumkalisha mtoto karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili, na kuanza na vitu anavyoviona: jembe, kibuyu, hindi. Sasa amestaafu, na ujuzi wake haukuandikwa popote.

Wasomaji watakumbuka kwamba baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu hukohuko vijijini. Walifundisha huku wakisoma masomo ya posta na kusikiliza redio. Mpango ule ulikuwa na kasoro, kwani wengi walianza na elimu ndogo. Lakini masomo yalimfuata mwalimu alipo.

Leo Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandao, nasi tunaipongeza. Hata hivyo, mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha kijijini mara nyingi hana umeme wala fedha ya bando.

Wapo watakaosema Kiingereza ndicho chenye elimu nyingi. Sisemi kiondolewe maktaba. Lakini mwalimu wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida atafundisha kwa Kiswahili. Kwa nini asijifunze kazi yake kwa lugha hiyo?

Nashauri Wizara na Taasisi wawakusanye walimu wazoefu na wastaafu waeleze walivyotatua matatizo ya darasani. Wakufunzi wayahariri maelezo hayo, vichapwe vijitabu vya bei nafuu, na kila mwanachuo apewe chake. Tukichelewa, wazee hawa wataondoka na ujuzi wao.

Mwalimu wa Kijijini,
Mazwi, Sumbawanga.