Kipaji kipo Kasindi, mlezi yuko wapi?

Mwaka 1992 walizaliwa watoto wawili ambao baadaye walipigana judo kwenye Michezo ileile ya Olimpiki, Rio de Janeiro, mwaka 2016. Clarisse Agbegnenou alizaliwa Rennes, Ufaransa, kwa wazazi kutoka Togo. Popole Misenga alizaliwa Bukavu, Kivu Kusini. Mmoja ni bingwa wa dunia mara 6. Mwingine dunia ilimjua kwa jina la mkimbizi. Wazazi na viongozi wa Kasindi, Beni na Butembo wana sababu ya kuzitazama safari hizo mbili.

Clarisse hakuanza na nguvu. Alizaliwa kabla ya wakati, yeye na pacha wake, na siku zake za kwanza zilipita katika uangalizi mkali wa hospitali. Alianza judo akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Toka hapo, kila hatua ilikuwa na mtu wa kumshika mkono: kocha wa klabu, kituo cha vijana, kisha INSEP, kituo cha taifa cha michezo mjini Paris. Ufaransa ina vilabu vya judo kwa maelfu, na wanamemba zaidi ya nusu milioni.

Matunda yalionekana. Alitwaa taji la dunia mwaka 2014, 2017, 2018, 2019 na 2021. Rio alipata medali ya fedha, alipoangushwa katika fainali na Tina Trstenjak wa Slovenia. Miaka 5 baadaye, Tokyo, alikutana na huyohuyo katika fainali, akamshinda na kuchukua dhahabu. Juni 2022 alizaa binti. Mei 2023, huko Doha, akabeba taji la sita. Mwaka 2024, Paris, alipata shaba, na dhahabu pamoja na timu ya Ufaransa. Mahali ambapo wasichana wengi wanaambiwa kwamba kuzaa ndiyo mwisho wa ndoto, habari hiyo inafaa kusimuliwa nyumbani.

Popole alipitia njia nyingine. Vita vilimtenga na familia yake akiwa mtoto, akazunguka msituni siku 8 kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa, katika kituo cha watoto waliohamishwa na vita. Ni hapo alipojifunza judo. Mwenzake Yolande Mabika, naye wa Bukavu, alipotea na wazazi wake vilevile na judo ikamlea vilevile. Wote wawili wakafika kuivalia Congo kimono.

Mwaka 2013 walikwenda Rio kwa mashindano ya dunia. Kwa maelezo yao wenyewe kwa waandishi wa habari, waliachwa hotelini bila pesa, bila pasipoti na bila chakula, na nyumbani mchezaji aliyeshindwa alikuwa akifungiwa kama adhabu. Wakaomba ukimbizi. Kocha wa Brazili, Geraldo Bernardes, akawapokea katika Instituto Reação, chama kinachofundisha judo watoto wa mitaa maskini. Mwaka 2016 walikuwa kati ya wachezaji 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akaangushwa na bingwa wa dunia, Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Bendera ya Congo haikuwa kifuani mwake.

Basi tofauti ya wawili hawa haiko kwenye damu wala kwenye misuli. Mmoja alilelewa bila kukatishwa. Mwingine aliokolewa na judo, kisha akatupwa na watu waliopaswa kumlinda.

Kasindi inajua uzito wa jambo hili. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani, watu wakiwa katika ibada, na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Kando ya barabara ya Beni kuna familia zilizokimbia mashamba zaidi ya mara moja. Watoto wao wanakua kati ya malori, soko na mpaka. Mwenye nguvu anabeba mizigo. Mwenye hasira anatafutwa na wenye bunduki.

Judo haiombi uwanja wa mamilioni. Inaomba ukumbi wenye paa, mikeka minene, kimono na kocha anayerudi kila wiki. Ukumbi wa shule au wa parokia unatosha kwa kuanza. Mpaka wa Kasindi unaingizia serikali ushuru kila siku. Sehemu ndogo ya pesa hizo ikirudi kwa vijana wa hapohapo, si sadaka, ni haki yao.

Lakini pesa peke yake haitoshi. Anayesafirisha kijana kwenda mashindanoni awajibike kwa pasipoti yake, chakula chake na kurudi kwake. Wazazi waulize kabla ya kusaini. Wasichana wasiachwe nje ya mkeka.

Popole alilia mbele ya waandishi huko Rio akikumbuka ndugu zake ambao hakuwa amewaona kwa miaka mingi. Mtoto wa Kasindi asilazimike kupotea msituni ndipo apate kocha, wala kukimbia nchi ndipo apigiwe makofi.