Msiisingizie Kifaransa

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, sekretaria za mtaa wa Kinanira, hapa Bujumbura, hujaa vijana wanaochapa, kutoa kopi na kujalidi. Hapo ndipo utaisikia lawama ile ile: watoto wa siku hizi hawajui Kifaransa, ndiyo maana hawajui kuandika. Wazazi wanaisema, wahadhiri wanaisema, na wanafunzi wenyewe wameshaikubali. Si kweli.

Nimesoma tasnifu moja kuhusu mikopo midogo. Sura ya pili ina fasili tatu za waandishi watatu, zimepangwa moja chini ya nyingine. Kifaransa chake kimenyooka. Lakini waandishi hao wanapingana, na mwanafunzi hakuliona hilo, wala hakusema anamfuata nani na kwa nini. Iandike sura hiyo kwa Kirundi au kwa Kiswahili, pengo litabaki palepale. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu ameandika maneno mawili tu: mtindo mzito.

Kijana huyo angejifunzia wapi kujenga hoja? Alipewa kozi ya mbinu za kujieleza mwaka wa kwanza, ikaisha. Baada ya hapo ni kununua silabusi, kuikariri na kuirudisha kwenye karatasi ya mtihani. Katika mfumo wa BMD (Baccalauréat, Master, Doctorat) shahada ya kwanza ni miaka mitatu, na mwaka wa mwisho ndipo anapoambiwa alete mawazo yake mwenyewe, tena kurasa kwa makumi.

Hata Harvard haitegemei muujiza wa namna hiyo. Mtafiti wa uandishi Nancy Sommers na wenzake waliwafuata wanafunzi zaidi ya 400 walioingia huko mwaka 1997, hadi wakahitimu. Uandishi wao ulikua polepole, somo kwa somo, na maoni ya walimu juu ya kazi zao yalikuwa na uzito mkubwa. Hao ni vijana waliosoma katika chuo tajiri kupindukia, wengi wao kwa lugha waliyozaliwa nayo.

Najua madarasa yetu yamefurika, na mhadhiri mmoja hawezi kusahihisha insha za mamia ya watu kila wiki. Basi aagize ukurasa mmoja kwa muhula, katika kila somo, uchumi na kilimo vilevile, si somo la lugha peke yake. Ausome, aulize swali moja la maana pembeni, kisha aurudishe uandikwe upya. Huko kuandika upya ndiko wanafunzi wetu wanakonyimwa.

Wahadhiri wa Bujumbura, anzeni na wa mwaka wa kwanza, muhula huu.